Kuyeyuka kwa maji, kuyeyuka kwa moto

Sukari huyeyuka kwenye chai, samli huyeyuka jikoni. Kiswahili kinatosheka na neno moja, lakini kwa sisi wa maabara ya plastiki hayo ni mambo mawili, na wakati mwingine hayapatani.

Mkulima wa korosho Newala au Tandahimba anazijua dawa za unga za kuchanganya na maji. Ukifungua pakiti upepo ukivuma, vumbi linakuingia puani. Ndiyo sababu baadhi ya dawa hizo hufungwa kwenye utando wa polivinili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini: unatumbukiza pakiti nzima ndani ya bomba la kupulizia lenye maji, utando unayeyuka, mkono haugusi dawa.

Kuutengeneza utando huo ndiko kwenye kazi. Poliethilini, ile nailoni ya kawaida, huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hadi 130 hivi, ikapulizwa kiwandani kama puto. Polivinili alkoholi kamili, isiyo na mabaki ya malighafi yake, hudai kama nyuzi 220 hadi 230, na kwenye joto la karibu na hilo huanza kuharibika: inageuka njano, kisha kahawia. Weka unga wa muhogo mkavu kikaangoni, utaungua tu. Songa na maji, unapata ugali unaovutika. Molekuli za polima hii, ndefu kama minyororo, zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, na sehemu zilezile za molekuli zinazopenda maji ndizo zinazougomea moto.

Suluhisho la tatizo hilo huanzia kwenye malighafi, yaani polivinili asetati. Inapogeuzwa kuwa alkoholi, takriban asilimia 12 ya vikundi vyake vya asetati huachwa makusudi, minyororo ikose kujipanga vizuri. Kiwango cha kuyeyuka kinashuka hadi karibu nyuzi 180 au 190, na utando unakubali hata maji baridi. Kisha huongezwa gliserini, inayojipenyeza katikati kama maji ya ugali ila haikauki upesi. Ikizidi hutoka juu, utando ukanata. (Kuyeyuka si kuoza, lakini: polima bado imo majini, ikisubiri vijidudu wanaoiweza.)

Kwa unyevu wetu wa pwani, usifungue mfuko wa nje kabla ya saa ya kupulizia, wala usishike pakiti kwa mikono mibichi. Na kama bomba lilibeba mbolea yenye boroni, lioshe kwanza. Boroni huunganisha minyororo hiyo upya, utando ukawa utelezi mzito unaoziba pua ya bomba.