Je, wajua kwa nini mchanga wa tanki la mwanamizi haufukuliwi kila wiki?

Mwanamizi ni yule kaa wa ufukweni anayetembea na kombe la konokono mgongoni. Wavuvi wa mwambao humjua kama chambo. Marekani hufugwa nyumbani ndani ya tanki la kioo, na anayeuzwa sana huko ni Coenobita clypeatus, kaa wa visiwa vya Karibi. Wengi wanaoanza kumfuga humsafishia kama wanavyosafisha banda la kuku: kila mwisho wa wiki hutoa vyote, hubadilisha mchanga, husugua kioo kwa sabuni. Tanki hung'aa, na kaa hufa mmoja baada ya mwingine.

Sababu iko chini ya mchanga. Kaa hukua kwa kujivua gamba, na mwanamizi wa nchi kavu hujivulia chini. Huchimba, hujitengenezea chumba kidogo chenye unyevunyevu, huvua gamba la zamani, kisha hulila ili arudishe kalisi (kalsiamu) mwilini. Wakati huo mwili wake ni laini mno. Kaa mdogo hukaa huko wiki 3 au 4, mkubwa miezi 2 au zaidi. Ukimfukua, chumba kinabomoka, mwili unachanika, na hata asiyechanika mara nyingi hafiki juma la pili. Kwa hiyo madhali kuna kaa hata mmoja chini, mchanga hauguswi.

Basi usafi unaanzia kwenye kuutengeneza mchanga wenyewe. Changanya sehemu 5 za mchanga safi na sehemu 1 ya vumbi la makumbi ya nazi, utie maji kidogo kidogo mpaka ukiufinyanga ushikane kama tonge bila kuchuruzika. Kina kisipungue sentimita 15, au mara 3 ya kimo cha kaa wako mkubwa kuliko wote. Mchanga ulioloa kwa kiasi hiki hukaa miezi mingi bila kunuka.

Kinachouharibu zaidi ni mafuriko. Kaa hubeba maji ndani ya makombe yao na kuyamwaga wanakopita, mfugaji naye hunyunyiza maji kila siku akidhani anawasaidia, mvuke hugeuka matone kwenye kioo na kutiririka. Yote hutua chini. Mchanga wa chini ukijaa maji hukosa hewa, bakteria wasiohitaji oksijeni hushamiri, na hapo utasikia harufu ya yai viza na kuona mabaka meusi kupitia kioo. Dawa ni kuacha kunyunyiza, kupunguza maji kwenye bakuli na kupangusa matone ya kiooni. Afadhali zaidi, tangu siku ya kupanga tanki simamisha bomba jembamba la plastiki kwenye kona mpaka chini kabisa. Maji yakijikusanya humo utayavuta kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira, bila kumsumbua aliyelala.

Kazi ya kila siku haizidi dakika 5. Chakula kibichi, hasa samaki, dagaa na matunda, kisilale zaidi ya saa 24. Tazama pembeni na chini ya magome ya mti yaliyomo tankini, maana kaa huburuta vipande na kuvificha huko. Kinyesi ni vijiti vidogo vya kahawia; viokote kwa kijiko pamoja na mchanga wa juu uliochafuka. Mabakuli ya maji ni mawili, la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na la maji ya chumvi, na yote hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3, au mara tu yakichafuka. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwa dawa ya matangi ya samaki. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hubaki. Chumvi iwe ya matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Ya mezani huwa na vitu vilivyoongezwa na haina madini mengine ya baharini.

Sabuni isiingie ndani, wala dawa ya kung'arishia nguo. Kioo hupanguswa kwa kitambaa na maji ya vuguvugu. Madoa sugu, kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha upanguse tena kwa maji matupu. Makombe ya akiba, ya kaa kuhamia, chemsha dakika 5. Yakipoa yatikise vizuri, maana maji ya moto hujificha kwenye mzunguko wa ndani. Makombe yaliyopakwa rangi usiyachemshe wala usiyaweke kabisa: rangi hubanduka na kaa huila.

Ukungu mweupe kwenye gome jipya hufutwa tu. Vijidudu vyeupe vinavyoruka ukivigusa waachie, wanakula ukungu na mabaki. Wa kutisha ni utitiri unaotambaa juu ya kaa mwenyewe.

Tanki hufukuliwa lote pale tu mchanga unaponuka au wadudu wameshinda, na kaa wote wako juu. Wahesabu kwanza. Wahamishie kwenye chombo chenye joto la nyuzi 24 hadi 29 na unyevu wa asilimia 75 hadi 85, kwani matamvua yao huvuta hewa yenye unyevu tu. Kwenye hewa kavu hukosa pumzi polepole. Mchanga mpya uloweshwe na kupashwa joto kabla hawajarudi.

Ukiona kitu kama kaa aliyekufa juu ya mchanga, usikitupe. Kishike kwa upole: kikiwa chepesi na kitupu ndani, ni gamba lililovuliwa, mwenyewe atakuja kulila. Aliyekufa kweli hunuka samaki aliyeoza, na harufu huzidi kila siku. Hata akiwa chini, harufu hiyo ndiyo ruhusa pekee ya kuchimba kabla ya wakati, tena pale inapotokea tu, kwa kijiko, si tanki zima.