Kizazi cha modeli ya mhusika ni nini, na je, tunahitaji kipya?

Msanii anayetengeneza picha za watu kwa kompyuta katika pande tatu mara nyingi hamfinyangi mtu wake kuanzia mwanzo. Anamchukua aliyekwisha kuumbwa: yuko uchi, amesimama wima, mikono imeachana kidogo na mbavu, uso hauna furaha wala huzuni. Huyo ndiye modeli ya mhusika. Unamwongezea umri, unampanua pua, unamnenepesha, unamvisha, unamweka mkao, unamwashia taa, kisha unairenda picha. Kurenda ni kuiachia kompyuta ipige hesabu ya mwanga hadi picha itokee.

Kizazi ni ukoo mzima wa modeli kama hizo, wenye vitu vitatu vya pamoja: wavu, mifupa na ramani ya ngozi. Mzee, mtoto na askari wa kizazi kimoja wote wana vitu vivyo hivyo vitatu, ila umbo lao limevutwa huku na kule. Ndiyo maana shati lililotengenezwa kwa mmoja linamkaa mwenzake. Ukibadilisha wavu au mifupa, umeanzisha ukoo mwingine, na mashati ya ukoo wa kwanza hayakai tena bila kulazimishwa.

Wavu ni ile ngozi ya nje, vipande vidogo vya pembe nne vilivyounganishwa kutoka utosini hadi kidole cha mguu. Mifupa ni kiunzi kilicho ndani, na kila nukta ya wavu imeambiwa ifuate mfupa gani na kwa kiasi gani. Ramani ya ngozi ndiyo huwatatiza wengi, lakini aliyewahi kumwona fundi wa cherehani pale soko la Kibuye, Kisumu, akifumua koti la mtumba ili apate kiolezo chake atanielewa mara moja. Mkono, mgongo na kola zinalala bapa mezani, na kila kipande kinajulikana kilitoka wapi mwilini. Mwili wa mhusika nao hufumuliwa hivyo, picha ya ngozi ikapakwa juu ya vile vipande, kisha vikarudishwa mahali pake. Ukiipachika picha ya kizazi kimoja kwenye ramani ya kizazi kingine, kitovu kinaweza kuangukia kiunoni.

Programu ya Poser ilitoka mwaka 1995. Larry Weinberg, aliyeiunda, alitaka kitu cha kuchukua nafasi ya yule mwanasesere wa mti ambaye wachoraji humkunja viungo ili wajifunze mikao. Baadaye kampuni ya Daz 3D ikatoa msururu wa modeli zake: Victoria 4 mwishoni mwa 2006, Genesis mwaka 2011, Genesis 2 mwaka 2013, Genesis 3 mwaka 2015, Genesis 8 mwaka 2017, na Genesis 9 Oktoba 2022. Genesis ya kwanza ilikuwa na wavu mmoja kwa wanaume na wanawake. Zilizofuata zikawatenganisha, ukoo mmoja ukawa na matawi mawili, na Genesis 9 ikawaunganisha tena. Kila mara duka la mtandaoni la kampuni hiyo hupanga rafu upya, na kila mara sisi tunaofanya kazi hii kwa mapenzi tu, jioni baada ya shughuli, tunajiuliza swali lilelile: nihame au nibaki?

Nitalijibu kwa picha moja ambayo nimeitengeneza mara nyingi kuliko nyingine yoyote, ya shangazi yangu akitoka ufuo wa Dunga asubuhi na beseni la samaki kichwani. Mkono wa kulia umepanda juu kushika ukingo wa beseni, wa kushoto umebeba kikapu, na ziwa liko nyuma yake.

Mara ya kwanza nilitumia Victoria 4, na mkono wa kulia ukanishinda kabisa. Katika modeli za wakati ule kiungo kilikunjwa kwa maeneo ya mviringo yaliyozunguka mfupa. Nukta iliyo ndani ya duara inafuata mfupa, iliyo nje inabaki, na zilizo katikati zinagawana. Kwa kiwiko kilichokunjwa kidogo, sawa. Lakini mkono ukipanda juu ya kichwa, kwapa linaingia ndani, msuli wa bega unazama, na ngozi ya pale juu inajikunja kama bahasha. Nilijaribu kuficha kwa mkono mpana wa gauni. Sikuridhika, kwa sababu kila aliyeiona picha alihisi pana kasoro hata kama hakujua ni wapi.

Kwenye Genesis 8 mfupa wa mkono wa juu umegawanywa mara mbili, mmoja wa kukunja na mmoja wa kusokota, na kiasi ambacho kila nukta inamfuata mfupa kimepakwa kwa mkono, nukta kwa nukta. Juu ya hapo, mkono ukifika pembe fulani, umbo la marekebisho linajiwasha lenyewe na kulijaza bega. Unainua mtulinga kwanza, kisha bega, kisha kiwiko, kama mwili wenyewe unavyofanya. Bega likakaa. Hapa nasema bila kusita kwamba kizazi kipya kilihitajika. Hakuna nguo, taa wala ustadi wa msanii ambao ungeliponya bega lile.

Nikampelekea shangazi picha kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huyu hana mzigo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Beseni likiwa na samaki, shingo inakaza. Na macho yanatazama mbele. Huyu anatazama miguu yake. Angekuwa ameshamwaga."

Kila alichotaja kilikuwa tayari ndani ya modeli. Kulikuwa na slaida ya kukaza mishipa ya shingo, na macho yana mifupa yake ya kuyaelekeza. Kasoro ilikuwa yangu, na hata kingetoka kizazi cha ishirini kisingenionyesha jambo hilo. Alinionyesha mtu aliyebeba beseni miaka yote.

Tuje kwenye ngozi yake. Picha nyingi za ngozi nyeusi nilizozipata zamani zilikuwa ngozi nyeupe iliyotiwa giza. Unazijua kwa viganja. Kiganja cha mtu mweusi kina rangi nyepesi kuliko mgongo wa mkono, na mistari yake ni ya kahawia iliyokolea. Nyayo ni hivyohivyo, na vifundo vya vidole vimekolea zaidi. Kwenye picha zile mkono mzima ulikuwa rangi moja, ndani na nje, kama glavu. Kisha kuna mng'ao. Katika ngozi nyeupe mwanga mwingi huingia, hutawanyika ndani na kutoka tena, ndiyo maana sikio huwa jekundu jua likiwa nyuma yake. Katika ngozi nyeusi melanini humeza sehemu kubwa ya mwanga huo, kwa hiyo kinachotuonyesha umbo la uso ni zaidi ule mwanga unaoakisiwa juu ya ngozi: kwenye shavu, kwenye paji, kwenye mfupa wa pua. Msanii akikoleza rangi bila kugusa mng'ao, anapata uso wa mkaa uliofifia. Shangazi asubuhi, amepaka mafuta, jua linatoka upande wa ziwa, uso wake unawaka.

Jambo hili si la duka moja. Mwaka 2020, Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba utafiti wa michoro ya kompyuta kwa miongo mingi ulishughulikia mwangaza wa ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka au za mawimbi, kisha ukaziita tu "ngozi" na "nywele" kana kwamba hakuna nyingine. Nilipoisoma niliona imeeleza kile nilichokuwa napigana nacho kila usiku. Nywele za wahusika mara nyingi ni tepe bapa zenye picha ya nywele na uwazi kandokando. Tepe hiyo inafaa kwa nywele zinazoning'inia. Nywele za kipilipili, au matuta yaliyosukwa vizuri na mistari ya kichwa ikionekana katikati, haziwezi kudanganywa kwa tepe.

Sasa tazama ni kipi kati ya hivyo kinadai kizazi kipya. Kiganja ni kazi ya mpakaji wa ngozi. Mng'ao ni vipimo vya mwanga unavyoweza kuvirekebisha usiku huu. Matuta yanahitaji msukaji mwenye subira ya kuyaunda. Vyote vinawezekana kwenye Genesis 8, na hata kwenye iliyoitangulia.

Genesis 9 ilileta nini, basi? Wavu wake una vipande elfu 25 hivi, pale Genesis 8 ilipokuwa na elfu 16 na kidogo. Macho yametengwa na mwili, na wavu ni mmoja kwa jinsia zote. Ni kazi nzuri. Anayerenda uso uliokaribiwa sana, wenye makunyanzi na vinyweleo, atauona uzuri wake. Lakini mifupa imepewa majina na mpangilio mwingine, kwa hiyo mikao yako ya zamani haiingii moja kwa moja. Nguo huhamishwa kwa kifaa cha kulazimisha. Shati la kubana hukubali, lakini viatu huharibika na sketi pana huvutwa katikati ya miguu kama suruali.

Pia kuna uzito wake, ambao kwa wengi wetu wenye kompyuta za mitumba ndio unaoamua. Picha moja ya ngozi yenye piksi 4096 kila upande, ikifunguliwa kwenye kumbukumbu, inachukua megabaiti 64 hivi. Ya piksi 8192 inachukua mara nne, yaani 256. Mhusika mmoja ana picha kama hizo kwa uso, mwili, mikono, miguu, na kila sehemu ina ya rangi, ya mng'ao na ya vinundu. Weka wahusika watatu, soko, na ziwa. Katika Daz Studio, programu ya kampuni hiyohiyo ya Daz 3D, kirenda chake cha Iray kinatumia kadi ya michoro ya NVIDIA, na tukio likizidi kumbukumbu ya kadi hiyo, kazi yote inahamia kwenye prosesa. Picha ya dakika ishirini inakuwa ya usiku kucha, na umeme ukikatika saa tisa za usiku unaanza upya, tokeni zimekwisha kuliwa.

Gharama inayoniuma zaidi ni ya kabati. Kila kizazi kinapotoka, kabati lake huwa tupu, na wanaolijaza ni watengenezaji wanaotafuta soko. Hujaza kwanza kinachouzika haraka: silaha za vita, magauni ya sherehe za ng'ambo, vazi la ufukweni. Leso iliyofungwa kiunoni, gomesi ya mama wa Busia yenye mabega yaliyochongoka na mshipi wake mpana, hivyo huja mwisho, na vingi haviji kabisa. Kabla ya mtu kuvifikia, kizazi kingine kimetoka na tumerudi sifuri. Kwa hiyo kwetu kizazi kipya hakipunguzi pengo hilo. Kinalirefusha.

Kuna hoja ya upande wa pili nisiyoweza kuipuuza. Watengenezaji wakihama, rafu ya zamani haiongezwi kitu, na anayebaki nyuma atakuja kukosa. Ni kweli, lakini huchukua miaka, na katika miaka hiyo bidhaa za zamani mara nyingi huuzwa kwa punguzo. Kwa asiyelipwa kwa kazi yake, kukaa kizazi kimoja nyuma ni mahali pazuri. Modeli ya msingi ya Genesis 8 ni ya bure. MakeHuman, programu ya kuunda miili ya watu, nayo ni ya bure, na mwili unaoutoa humo unaruhusiwa kuutumia utakavyo. Blender, programu ya kuunda vitu vya pande tatu, ni ya bure pia, na humo unaweza kushona gomesi mwenyewe.

Kijana mmoja wa hapa mtaani Migosi, anayesoma chuo na kuchora usiku, aliniuliza wiki iliyopita, "Kaka, niweke akiba ninunue wahusika wa kizazi kipya?" Nikamwambia anionyeshe picha iliyomshinda. Alinionyesha wanaume wawili wakivuta wavu wa samaki ufukweni. Tukaichunguza pamoja. Mabega yalikuwa mazima na magoti yalikunjika vizuri. Kilichokosekana ni uzito: visigino havikuzama kwenye mchanga, kamba ililegea, na vidole viliigusa tu bila kuishika. Laiti goti lingevunjika nilipolivuta, ningemwambia anunue. Tulikaa saa nzima tukikunja vidole, pingili kwa pingili, mpaka ngumi ikafunga kamba.

Picha ya shangazi niliirudia tena mwezi uliopita, kwenye Genesis 8 ileile, kiganja nimekipaka mwenyewe. Alipoiona akasifu shingo, kisha akauliza, "Na kata iko wapi?" Nilikuwa nimeliweka beseni juu ya kichwa kitupu, bila kile kitambaa cha kusokota kinachowekwa chini ya mzigo. Sikuipata kata dukani, kwa kizazi chochote. Nilifungua Blender, nikaanza na duara nene, nikalisokota kama kitambaa kinavyosokotwa, nikalibonyeza katikati pale beseni linapokaa. Ilinichukua dakika arobaini. Sasa beseni limetulia, na amenitaka nimchapishie picha hiyo kubwa, aitundike bandani pake.