Foili chini ya bati: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, watu wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaoishi chini ya bati tupu huona afadhali wakae barazani au chini ya mwembe kuliko ndani ya nyumba walizojenga kwa jasho lao. Jambo hili linaniuma, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hilo inazuilika kwa karatasi nyepesi ya aluminiamu inayofungwa chini ya bati, na gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mabati yenyewe. Lakini foili hii inasemwa mengi. Kuna anayeahidiwa kwamba itafanya kazi ya kiyoyozi, na kuna anayeambiwa ni upuuzi kwa kuwa jirani aliifunga na joto likabaki palepale. Karibu yote yanatokana na kutojua joto la bati hushukaje.

Bati lililopigwa na jua la mchana huweza kufika nyuzi 60 hata 70 za Selsiasi. Shuleni tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Chini ya paa, msafara hauna nguvu, maana hewa yenye joto hupanda na haishuki, hivyo hubaki imenasa chini ya bati. Mpitisho nao ni mdogo, kwa sababu kati ya bati na dari pana hewa tu, na hewa haipitishi joto vizuri. Inayobaki ni mnururisho: bati hutupa joto chini moja kwa moja, kama miali isiyoonekana, na miali hiyo haihitaji hewa ili ifike kwenye dari na kwenye utosi wa aliyekaa ndani.

Chukua bati la nyuzi 65 lililopakwa rangi au lililopata kutu, na dari ya nyuzi 35. Kwa hesabu ya fizikia, kila mita ya mraba hutupiwa wati 188 hivi. Kwenye chumba cha mita za mraba 12 hiyo ni zaidi ya wati 2,200, kama pasi mbili za umeme zilizowashwa juu ya dari mchana kutwa. Weka katikati uso wa aluminiamu unaong'aa, ambao hutoa asilimia 5 tu ya mnururisho ambao uso mweusi ungetoa, na zile wati 188 hushuka hadi 11 au 12. Katika nyumba halisi tofauti huwa ndogo kuliko hiyo, kwa kuwa dari nayo hupata joto na hewa hubeba kiasi chake. Hata hivyo hesabu inaonyesha kwa nini karatasi nyembamba kiasi kile inaweza kufanya kazi kubwa.

“Foili nene ndiyo inayozuia joto”

Hili ndilo kosa linalowatoa watu fedha zaidi. Dukani utaonyeshwa foili yenye viputo vya plastiki katikati, utaibonyeza kwa kidole, na utaambiwa unene wake ndio ubora wake. Viputo vinasaidia kidogo: vinaipa nguvu, haichaniki ovyo, na fundi huivuta kwa urahisi. Ila unene wa milimita nne au tano hauzuii joto la mpitisho kwa kiasi cha kuutegemea. Kazi inafanywa na mng'ao wa uso wake na nafasi ya hewa iliyo mbele ya uso huo. Foili nyembamba iliyoimarishwa kwa nyuzi, ikifungwa vizuri, huizidi mbali foili ya viputo iliyobanwa vibaya.

Ukitaka unene unaozuia joto, nunua sufi ya madini au godoro gumu la povu la sentimita kadhaa. Hayo ni mambo mengine, na bei yake pia ni nyingine.

“Ukishaifunga popote chini ya bati, imetosha”

Hapa ndipo lawama nyingi za “foili haifanyi kazi” huzaliwa. Aluminiamu ni metali, na hupitisha joto kwa mguso vizuri sana. Inachozuia ni mnururisho peke yake, na mnururisho unahitaji nafasi. Angalau uso mmoja unaong'aa lazima utazame hewa, na nafasi ya sentimita mbili na nusu ndiyo ya kuanzia. Ikizidi hapo, vizuri zaidi.

Mafundi wengi huitandaza juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, kisha wanapigilia bati juu yake. Je, imeharibika? Inategemea. Kama foili inang'aa pande zote mbili, upande wa juu uliogusana na bati umekufa, lakini upande wa chini unatazama uwazi wote wa dari na bado unafanya kazi nzuri. Yenyewe itakuwa na moto sawa na bati, ila itakataa kuutupa chini. Kama inang'aa upande mmoja tu, na fundi ameugandamiza upande huo kwenye bati huku karatasi au plastiki ikitazama chini, mwenye nyumba amenunua pambo. Hali kadhalika foili iliyobanwa katikati, juu imegusa bati na chini imegusa gipsam, au iliyofukiwa kwenye plasta. Tena sementi mbichi huila aluminiamu, kwa hiyo hapo inapotea mara mbili.

Njia ninayoipenda, kwa nyumba ambayo bado ni pagale, ni kuifunga chini ya papi, juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), ili unene wa papi uwe ndiyo nafasi kati ya foili na bati. Nyumba iliyokwisha kuezekwa haina haja ya kuezuliwa: foili hufungwa kwa ndani, chini ya kenchi, ikiachwa wazi kidogo karibu na kofia ya paa ili hewa ya moto itoke.

“Jua liko juu, basi mng'ao utazame juu”

Ina mantiki, na kwa foili mpya haikosei sana. Uso unaong'aa ukitazama juu hurudisha miali, ukitazama chini hukataa kuitoa, na matokeo ya kwanza yanakaribiana mno. Tofauti huletwa na vumbi. Uso unaotazama juu hupokea vumbi la barabarani, masizi, na uchafu wa popo na panya, na vumbi halina mng'ao wa aluminiamu. Mwaka baada ya mwaka nguvu yake hupungua. Uso unaotazama chini haukaliwi na vumbi. Kwa hiyo ukiwa na foili ya upande mmoja, mng'ao utazame chini kwenye uwazi. Na foili iliyolazwa juu ya dari kama zulia, hasa sehemu zenye vumbi kama Dodoma, usitegemee miaka yake ya baadaye ifanane na mwaka wa kwanza.

“Ni teknolojia ya NASA, ukiweka tabaka tatu utasahau jua”

Ni kweli vyombo vya anga hufunikwa kwa tabaka nyingi za plastiki iliyopakwa aluminiamu. Huko juu hakuna hewa, na mnururisho ndiyo njia karibu pekee ya joto kuingia au kutoka, hivyo kila tabaka lina faida. Darini kwako pana hewa. Uso mmoja unaong'aa unaotazama uwazi tayari umeondoa zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho kati ya bati na dari. Wa pili katika uwazi uleule unapunguza kinachobaki kutoka asilimia 6 hivi hadi karibu 3, jambo ambalo mtu aliyekaa sebuleni hatalihisi. Fedha ya tabaka la pili itumie kutoboa matundu ya hewa chini ya paa na kuyafunga wavu.

Kuhusu rangi ya bati watu hawaulizi kabisa, na ingefaa waulize kabla ya foili. Mabati ya kijivu kilichokolea, maruni na buluu nzito ndiyo yanayopendwa sasa, na ndiyo yanayoshika moto zaidi. Rangi nyeupe au ya krimu hurudisha mwanga wa jua kabla haujawa joto, yaani bati lenyewe halifiki nyuzi 65. Bati jipya la zinki lisilopakwa rangi lina faida yake pia: upande wake wa chini hutoa mnururisho mdogo, mpaka kutu ianze. Ndiyo maana nyumba ileile huweza kuwa na joto zaidi baada ya miaka kumi.

“Foili hufungia joto ndani usiku”

Hapa pana chembe ya ukweli. Usiku bati hupoa haraka, na dari isiyo na foili ingetupa sehemu ya joto lake kwenye bati hilo lililopoa. Foili hupunguza njia hiyo. Lakini joto la usiku katika nyumba ya matofali ya sementi hutoka hasa kwenye kuta zilizopigwa na jua la jioni, na dawa yake ni kivuli upande wa magharibi pamoja na madirisha mawili yanayotazamana. Nyumba ambayo haikujaa joto mchana ina kidogo cha kutoa usiku.

Nyanda za juu, kama Njombe, Makete au Limuru, hali hubadilika. Bati la huko hupoa kuliko hewa, unyevu hutona chini yake alfajiri, na watu hudhani paa linavuja. Foili isiyo na vitundu huyazuia matone yasifike darini, mradi imewekewa mteremko ili maji yatoke nje ya ukuta; ikilegea na kuning'inia, maji hutuama na mbao huoza. Na kama shida yako ni baridi, usiitegemee foili peke yake. Joto linalopanda hubebwa sana na hewa, na hewa haijali mng'ao. Sufi juu ya dari itakufaa zaidi.

Kelele za mvua? Foili nyembamba haizipunguzi kwa kiasi cha kutaja. Foili ya jikoni? Huzuia mnururisho sawasawa na nyingine, lakini haina nyuzi za kuishikilia, na upepo wa darini utaichana mapema.

“Bili ya umeme itashuka nusu”

Muuzaji anayekuahidi hivi hajakuuliza swali la kwanza: je, una kiyoyozi? Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba katika maeneo yenye joto na jua kali, kizuizi cha mnururisho darini huweza kupunguza gharama za kupoza nyumba kwa asilimia 5 hadi 10. Gharama za kupoza, si bili nzima. Friji, pasi na jiko havijui kama paa lina foili. Nyumba ya bati tupu ina joto zaidi la kuzuiwa, hivyo huenda nafuu yake ikawa kubwa kuliko hiyo, lakini nusu ya bili ni ahadi ya sokoni.

Ukiwa na feni tu, hesabu ni nyingine. Feni ya wati 70 ikizunguka saa kumi kwa siku hula yuniti 21 kwa mwezi. Hata ukiizima kabisa, hutatajirika. Kiyoyozi kidogo kinachovuta wati 800 kikifanya kazi saa nane hula hadi yuniti 6.4 kwa siku, karibu 190 kwa mwezi, na hapo ndipo LUKU au tokeni huanza kuyeyuka. Kwa familia nyingi za Pwani, basi, akiba kubwa ya foili ni kile kiyoyozi ambacho hawatalazimika kukinunua. Kuna pia faida isiyoandikwa kwenye mita: mtoto anayelala mchana bila kutokwa na vipele vya joto, duka la dawa ambalo vidonge vyake vimeandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 30, banda la kuku wa nyama lisilopoteza kuku saa nane mchana. Mimi ningeifunga kwa hayo hata kama bili isingeshuka shilingi moja.

“Ni karatasi tu, haina hatari”

Ni karatasi inayopitisha umeme. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango mkubwa wa kufadhili uzuiaji wa joto kwenye madari ya nyumba. Kati ya Oktoba 2009 na Februari 2010 vijana wanne waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikufa. Watatu walipigwa na umeme, wawili kati yao wakiwa wanafunga foili kwa pini za chuma zilizotoboa nyaya zilizokuwa na umeme. Mpango ulisitishwa Februari 2010, na tume ya kifalme iliyochunguza ilitoa ripoti yake mwaka 2014.

Madari yetu yana nyaya zilizolazwa juu ya kenchi bila mfereji, na maungio yaliyozungushiwa utepe tu. Kabla foili haijapanda, fundi umeme azikague nyaya zote, azifunge ndani ya mifereji, na ahakikishe nyumba ina kifaa cha kukata umeme unapovuja. Siku ya kazi meni swichi izimwe, si taa za chumba kimoja tu, na pini zisipigwe mahali ambapo waya umepita nyuma ya mbao. Foili ikae mbali na taa zinazochomekwa darini, hasa ile ya viputo, kwa kuwa plastiki yake inashika moto. Na yule kijana wa nne wa Australia aliuawa na joto la darini: fundi wako apande alfajiri, ashuke kabla ya saa nne, na awepo mtu chini anayemwita kila baada ya dakika chache.