Pesa ya kaunta si mshahara wa mfamasia

"Musawo (daktari), nyinyi watu wa dawa mnakula pesa." Nasikia hivyo kwa wateja wa hapa Arua mjini, Uganda, kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, kununua dawa, hata kwa ndugu zangu wanaopiga simu kuomba ada. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi leo naandika yote.

"Dawa ni ghali, kwa hiyo mfamasia ni tajiri"

Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Mtu analipia dozi, anaona droo ina noti, anachukua elfu thelathini yake anazidisha kwa watu waliopanga foleni nyuma yake, tayari ameshanijengea ghorofa. Jamani, kwanza wengi wetu hatumiliki hiyo famasi, sisi ni waajiriwa, mwenye duka ni mtu mwingine, saa nyingine hata hajasomea dawa, ni mfanyabiashara tu aliyeweka mtaji, na sheria inamtaka awe na mfamasia aliyesajiliwa wa kusimamia ndipo NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, impe laisensi. Jioni droo ikihesabiwa pesa inaenda kwake, mimi nangoja mwisho wa mwezi kama yule dada anayepiga deki.

Na huyo mwenye duka naye habaki na yote. Tuseme dozi umelipa 30,000, yeye aliichukua kwa holsela pale William Street, Kampala, kwa 24,000, akalipa na usafiri wa kuileta mpaka huku kwetu West Nile. Kwenye hiyo 6,000 kasoro nauli ndimo mnatoka kodi ya chumba, umeme, mafuta ya jenereta maana insulini lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 hata stima ikipotea usiku kucha, laisensi ya kila mwaka, ushuru, na mishahara yetu. Serikali hapa Uganda haipangi bei ya dawa, kila duka linapanga lake, na ukipandisha mia tano tu mteja anavuka barabara kwa jirani. Dawa nyingi zinatoka India na China, zinanunuliwa kwa dola, shilingi ikishuka bei inapanda hata kama kwenye duka hakuna aliyeongeza faida.

Halafu kuna hasara ambayo mteja haioni. Nyuma ya kaunta yetu kuna boksi limeandikwa kwa maka nyekundu EXPIRED, ndani kuna sirapu za watoto, sindano, vidonge vya presha ambavyo daktari mmoja alikuwa anaviandika sana, akahamishwa, vikakosa mtu. Havirudishwi kwa holsela na havitupwi jalalani, vinateketezwa kwa utaratibu chini ya usimamizi, na gharama ni ya mwenye duka. Kila boksi la namna hiyo ni sababu mojawapo ya kuambiwa "mwaka huu hakuna nyongeza."

Sasa tuje kwenye mshahara wenyewe. Chukua mfano wa 1,500,000 kwa mwezi kwenye famasi binafsi. Mtu akisikia milioni na nusu anaona umefika. Lakini PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haikuhurumii, ukishapita 410,000 kila shilingi ya juu inakatwa asilimia 30. Ukijumlisha na kodi ya ngazi za chini yake, kodi ni 352,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 yako ni 75,000. Unabeba 1,073,000, na kuanzia Julai hadi Oktoba toa tena 25,000 kila mwezi ya local service tax, kodi ya serikali ya mtaa.

Kwenye hiyo 1,073,000 weka nyumba ya vyumba viwili 400,000. Weka boda ya asubuhi na jioni 4,000 kwa siku 26, hiyo ni 104,000. Watoto wawili, ada tuseme 600,000 kila muhula kwa kila mmoja, mihula ni mitatu, ukigawanya kwa miezi 12 ni 300,000. Umebaki na 269,000. Hapo hujala, hujanunua makaa, hujalipa umeme, hujatuma kitu kijijini, na shule bado inakuletea ile karatasi ya mahitaji: rimu za karatasi, mifagio, tishu, sukari, kila muhula upya. Wewe mwenyewe ukiugua unanunua dawa kama mteja yeyote, maana bima ya afya ya taifa hatuna, Bunge lilipitisha muswada mwaka 2021 na mpaka leo mimi nalipa kaunta. Na ada ya chama cha wafamasia ya kila mwaka usipolipa, cheti cha kufanyia kazi hupati.

Kwa hiyo ndugu akiniambia nimemnyima ada kwa roho mbaya inaniuma sana, kwa sababu hesabu ndiyo hiyo.

"Kila anayeuza dawa ni mfamasia"

Hapana. Anayekuuzia Panadol kwenye kale kaduka ka mtaani mara nyingi ni nesi au mkunga mwenye ruhusa ya dawa ndogondogo tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari. Dispensa ana diploma. Mfamasia amekaa chuoni miaka 4, Makerere, Mbarara au kwingine, akaongeza mwaka wa interni, yaani mafunzo kazini. Kipato cha hawa watatu ni tofauti kabisa, usichukue cha mmoja ukamvisha mwingine.

"Serikali iliwaongeza wote wa sayansi"

Iliongeza kweli, Julai 2022, wakati ule mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipopandishwa mpaka milioni 4, na wafamasia wa serikali walikuwemo. Lakini soma vizuri, wa serikali. Nafasi za mfamasia hospitalini ni chache, tangazo likitoka watu wanafurika kwenye intavyu, na mwenye famasi binafsi hafungwi na karatasi ya mishahara ya serikali hata kidogo. Halafu mwaka uliofuata alawansi ya mainterni ikakatwa. Hiyo watu hawaikumbuki.

"Tundika cheti chako, kula pesa ya bure"

Vijana, hapa nisikilizeni sana. Mtu anakuja na ofa, atundike cheti chako kwenye famasi yake ya wilaya nyingine, wewe usionekane, kila mwezi mobaili mani inaingia. Siku inspekta akikuta pale morfini haina rejista, au mtoto amepewa dozi ya mtu mzima, jina lililo ukutani ni lako. Kama unasimamia famasi nenda uisimamie, fungua rejista, kagua stoki na friji, dai mshahara wa kazi uliyofanya. Huwezi, toa cheti chako ukutani.

"Nenda nje utatajirika"

Marekani kwa aliyemaliza chuo kuanzia 2003 wanataka digrii ya miaka 5, yetu ni 4, mlango umefungwa hapo hapo. Uingereza utasoma OSPAP, kozi ya wafamasia waliosomea nje, mwaka mzima kwa ada ya mgeni, halafu mwaka mwingine wa mafunzo kazini, halafu mtihani. Nchi za Ghuba ni nafuu kidogo, vyeti vinakaguliwa na kampuni ya DataFlow kisha unafanya mtihani. Wapo waliofaulu, nawafahamu, lakini nauli na ada hizo zinatoka kwenye ile 269,000.

"Famasi ndogo haihitaji kulipa NSSF"

Zamani mwajiri mwenye watu chini ya watano alikuwa huru. Tangu sheria ibadilishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja analazimika kulipa asilimia 10 juu ya ile 5 yako. Wengi wanakukata 5 wanakaa nayo. Ukipewa kazi uliza mshahara ni grosi au neti, yaani kabla au baada ya makato, uandikwe kwenye mkataba, na kila mwezi fungua taarifa yako ya NSSF kwenye simu uone kama imeingia. Haijaingia, usingoje mwaka uishe, peleka malalamiko ofisi yao na peislipu yako mkononi.