Mapango ya Amboni hayatokei Kilimanjaro

Familia zinazokwenda Amboni, nje kidogo ya Tanga mjini, husimuliwa habari za Wazungu wawili na mbwa wao: waliingia pangoni, wakapotea, mbwa akaibukia Kilimanjaro. Wengine husema Mombasa.

Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walichunguza mapango 10. Refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Kwa nini mapango haya hayawezi kufika Kilimanjaro? Jibu limo kwenye mwamba wenyewe. Amboni ni mawe ya chokaa, na maji ya mvua yenye asidi hafifu huyayeyusha polepole mpaka yakaacha vyumba na vichochoro. Kilimanjaro ni volkano. Mawe yake hayayeyuki hivyo.

Watoto wasimulieni tu habari za mbwa, ni tamu. Ila wavae viatu visivyoteleza, wasimpite mwongozaji: ndani ni giza totoro, na popo ni wengi.