Pencheni Visiwani: yanayosemwa barazani na ukweli wake

Katika mabaraza mengi, Unguja na Pemba, pencheni hutajwa kana kwamba ni fungu moja linalotoka mfuko mmoja, na kosa hilo ndilo huzaa mengine karibu yote.

Husemwa kwamba wazee wanaolipwa Pencheni Jamii wanakula michango ya wafanyakazi. Sivyo. Malipo hayo, yaliyoanza Aprili 2016 kwa waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi ambacho baadaye kiliongezwa, hugharimiwa na bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mvuvi wa Nungwi ambaye hajapata kuajiriwa anayastahiki sawa na mwalimu mstaafu. Michango ya wafanyakazi iko kwengine, katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa mwaka 1998.

Wengine hudhani kuwa ndani ya ZSSF fedha za kila mwanachama zimetengwa peke yake zikimngoja. Kumbukumbu za michango yake zipo, lakini fedha zenyewe huingia kapu la pamoja, ambalo sehemu yake huwalipa waliostaafu na sehemu nyengine huwekezwa, likiwemo jengo la maduka la Michenzani. Wapo wanaolalamika kuwa pesa za wastaafu zinajenga maduka. Lalamiko lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, lingekuwa kuuliza iwapo kodi ya pango inayorudi mfukoni inashinda mfumuko wa bei. Pencheni ya mwezi nayo hukokotolewa kwa kutazama mshahara na muda wa kuchangia, ndiyo maana mstaafu aliyejaaliwa umri mrefu anaweza kupokea kupita alichochanga.

Ama kuunganishwa kwa mifuko ya pencheni ya Bara mwaka 2018, ambako wengine hudhani kulihusu Visiwani pia, hakukuigusa ZSSF, ambayo ina sheria yake.

Dhana inayoumiza zaidi ni kwamba kukatwa mshahara ndiko kuchangia. Makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara yanaonesha tu kuwa fedha zimetoka kwa mfanyakazi. Mwajiri analazimika kisheria kuziwasilisha pamoja na sehemu yake, ambayo ni kubwa zaidi (Mfuko ulianza kwa asilimia 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi). Asipowasilisha, pengo hubaki kwenye kumbukumbu, na wengi huligundua siku ya kudai kiinua mgongo, ilhali mwanachama anaweza kuomba taarifa ya michango yake angali kazini na kuilinganisha na hati zake, mwezi kwa mwezi.