Modeli ya namba ya maji-sumaku ndani ya jiwe: maana yake ni nini?

Hapa Goma jiwe la volkano tunalijua kwa mikono. Ndilo tunalojengea kuta. Limwagie kikombe cha maji uangalie. Mengine yanazama, mengine yanabaki yakimeta kwenye vishimo visivyo na njia ya kutokea. Kwa hiyo jiwe kuwa na matundu ni jambo moja, na matundu kufunguana mpaka maji yapite ni lingine. Hilo la pili ndilo upenyezaji. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi aliyeuletea maji mji wa Dijon, Ufaransa, alitoa kanuni baada ya kupitisha maji kwenye mchanga: tofauti ya shinikizo ikizidi, mwendo nao unazidi.

Sasa badala ya maji tia maji-sumaku. Ni kimiminika, mara nyingi mafuta, chenye chembe za oksidi ya chuma za ukubwa wa nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kila moja imepakwa utando ili zisigandamane. Steve Papell wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyatengeneza mwaka 1963, akitaka sumaku ivute mafuta ya roketi mahali pasipo na uzito.

Utamu wake uko kwenye joto. Maji-sumaku yakipata moto, usumaku wake hupungua. Ukiweka sumaku karibu na upande wenye moto, yaliyo baridi huvutwa kwa nguvu zaidi na kuyasukuma kando yaliyo moto. Nayo yale ya baridi yakipata joto husukumwa vilevile. Joto linabebwa, na pampu haipo!

Ila hapo hesabu inajifunga fundo: joto hubadilisha mvuto, mvuto hubadilisha mwendo, mwendo huhamisha joto. Kwa kalamu utafungua mafumbo machache mepesi tu. Ndiyo maana tunatumia modeli ya namba: tunaligawa jiwe katika visanduku vidogo, kila kimoja kikikusanya matundu mengi kwa wastani, na kompyuta inafanya kama mama wa soko la Virunga anayefunga hesabu jioni: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Madaftari ni matatu, la kimiminika, la nguvu na la joto. Akimaliza visanduku vyote, anasogeza saa kidogo na kuanza upya.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujaamini picha zenye rangi zinazotolewa na kompyuta, zima sumaku ndani ya modeli na uondoe tofauti ya joto. Mtiririko usiporudi kwenye kanuni ya Darcy, tafuta kosa katika programu yako.